Tujifunze Kurudisha Gari Nyuma kwa Kamera



Zamani gari likifika kijijini watoto wote walitoka mbio kwenda kulitazama. Siku hizi mambo yamebadilika. Mkulima wa Kishapu akiuza pamba yake vizuri, yeye na nduguze wananunua gari. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, duara lake likitema, naye ananunua gari. Michomoko hubeba abiria kati ya Geita mjini na Katoro. Noah na Haisi hutoka Kahama kwenda Kakola. Fuso huingia hadi uani kupakia mpunga, au huenda hadi kwenye karasha kushusha mawe ya dhahabu.

Gari linapokwenda mbele kwa kasi, watu hulipisha. Hatari yake tunaijua. Lakini gari linaporudi nyuma polepole hapo nyumbani, wengi hatuogopi. Tunaona ni jambo dogo. Katika somo hili tutaona kwamba siyo jambo dogo. Tena tutajifunza kutumia kamera ya nyuma, ambayo magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huja nayo, lakini wengi wetu hatukufundishwa kuitumia.

Somo hili ni la dereva. Pia ni la mtu asiye na gari, kwa sababu yeye na watoto wake ndio wanaopita nyuma ya gari la mwenzake.

KIVULI CHA GARI

Tuseme ni saa saba mchana, wakati wa kiangazi. Jua la Shinyanga tunalijua. Gari limesimama uani tangu asubuhi. Kuku wanapumzika chini yake. Mbuzi naye yupo. Mtoto wa miaka miwili amechuchumaa nyuma ya bampa, anachezea vizibo vya soda. Kwa nini amekaa pale? Kwa sababu pale pana kivuli, na mti uko mbali.

Baba yake mdogo anatoka ndani, ufunguo mkononi. Ana haraka, abiria wanamngoja stendi. Anapita upande wa mbele, anaingia, anawasha gari. Anatazama vioo vya pembeni. Hakuna mtu. Anatazama kioo cha ndani. Hakuna mtu. Anaweka rivasi. Hapo bibi anapiga kelele kutoka jikoni:

"Simama! Simama, baba! Mtoto!"

Mara hii dereva amesikia. Je, kama redio ingekuwa inapiga muziki? Je, kama bibi angekuwa amekwenda kisimani?

Dereva huyu siyo mtu mbaya, wala siyo mlevi. Ametazama vioo vyote vitatu. Lakini mtoto alikuwa mahali ambapo vioo vyote vitatu havifiki.

TUPIGE HESABU

Tuchukue kalamu na daftari. Tuseme gari ni kubwa kiasi, kama Noah. Macho ya dereva aliyeketi yako sentimita 150 kutoka ardhini. Ukingo wa chini wa kioo cha nyuma uko sentimita 120 kutoka ardhini. Kutoka macho ya dereva hadi kioo hicho ni mita 3.

Basi, katika mita hizo 3, mstari wa macho ya dereva umeshuka sentimita 30. Yaani umeshuka sentimita 10 kwa kila mita 1. Nje ya kioo mstari huo unaendelea kushuka vivyo hivyo:

Mita 3 nyuma ya kioo, mstari uko sentimita 90 juu ya ardhi.
Mita 7 nyuma ya kioo, mstari uko sentimita 50 juu ya ardhi.
Mita 12 nyuma ya kioo, mstari unagusa ardhi.

Kila kitu kilicho chini ya mstari huo dereva hakioni. Mtoto aliyesimama, mwenye urefu wa sentimita 90, haonekani mpaka awe mbali zaidi ya mita 3. Mtoto aliyechuchumaa, mwenye kimo cha sentimita 50, haonekani mpaka awe mbali zaidi ya mita 7. Mita 7 ni ndefu kuliko vyumba vingi tunavyolala.

Namba hizi ni za mfano. Kila gari lina namba zake, na baadaye tutaona jinsi ya kuzipima.

WENZETU WALIPATAJE KAMERA HII?

Wazo la kamera ya nyuma siyo jipya. Mwaka 1956 kampuni ya Buick ya Marekani ilionyesha gari la maonyesho lenye kamera ya televisheni nyuma badala ya kioo. Lakini ilipita miaka mingi kabla ya kamera kuwa kitu cha kawaida katika magari ya watu.

Mwaka 2002, huko New York, mtoto wa miaka miwili aitwaye Cameron Gulbransen aligongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao, akafa. Aliyekuwa akiliendesha ni baba yake mwenyewe, ambaye ni daktari wa watoto. Wazazi wake na wazazi wengine waliofiwa kwa namna hiyo walipigania sheria. Mwaka 2008 sheria ilipitishwa, ikapewa jina la mtoto huyo.

Serikali ya Marekani ilipotoa kanuni zake mwaka 2014, ilisema kwamba kwa wastani watu 210 hufa kila mwaka nchini humo kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na watu 15,000 huumia. Katika kila watu 100 waliokufa hivyo, 31 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kuanzia Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa huko ni lazima liwe na kamera inayoonyesha eneo la nyuma, upana wa mita 3 hivi na urefu wa mita 6 hivi. Japani nayo ilianza kudai vifaa vya kuona nyuma kwa aina mpya za magari kuanzia Mei 2022.

Tumetaja habari hizi ili tuone jambo moja. Baba yule alikuwa msomi, na kazi yake ilikuwa kutibu watoto. Hata hivyo hakumwona mwanawe. Basi jambo hili halichagui msomi wala mkulima, mwenye akili wala asiye nazo. Macho ya binadamu hayapenyi bati la gari.

KAMERA INAFANYAJE KAZI?

Kamera ya nyuma ni ndogo kama ncha ya kidole gumba. Mara nyingi imefungwa juu ya kibao cha namba. Dereva anapoweka gia kwenye herufi R, yaani rivasi, taa nyeupe za nyuma zinawaka, na picha inatokea kwenye kioo cha redio mbele yake.

Picha hiyo imegeuzwa kama picha ya kioo cha kujitazamia. Bibi akisimama nyuma, upande wa kulia wa gari, ataonekana upande wa kulia wa picha. Kamera nyingine za kununua dukani, zinazofungwa na fundi, huweza kuonyesha picha isiyogeuzwa. Hapo kulia kunakuwa kushoto, na dereva anakata usukani upande usiofaa. Kwa hiyo, ukifungiwa kamera, usilipe kwanza. Mwambie mtu asimame nyuma upande wa kulia, nawe utazame. Akionekana kushoto, mwambie fundi airekebishe.

HATUA SABA ZA KURUDI NYUMA

1. Zunguka gari kwa miguu kabla ya kuingia. Tazama nyuma, tazama chini. Wafukuze kuku na mbuzi. Watoto wapeleke kwa mtu mzima anayejulikana, usiwaambie tu "ondokeni".

2. Ingia mara moja baada ya kuzunguka. Ukisimama kuzungumza na jirani dakika tano, mtoto amekwisha rudi. Zunguka tena.

3. Zima muziki, fungua kioo cha mlangoni. Masikio nayo ni macho.

4. Kanyaga breki, weka R, na ungoje picha itokee. Usiachie breki kabla ya picha. Kamera nyingine huchelewa kama sekunde 2. Tupige hesabu tena: gari linalokwenda kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, linapita karibu mita 1.4 kila sekunde. Katika sekunde 2 limekwisha kwenda karibu mita 3. Kumbuka mtoto wetu alikuwa nyuma ya bampa.

5. Tazama picha, halafu kioo cha kulia, halafu kioo cha kushoto, halafu geuza shingo. Rudia hivyo mpaka mwisho. Macho yasikwame kwenye picha, kwa sababu mtoto anayekimbia kutoka pembeni haonekani humo mpaka awe amekwisha fika nyuma.

6. Achia breki kidogo kidogo. Mguu ukae juu ya breki. Usikanyage mafuta kama ardhi ni tambarare.

7. Ukiona kitu usichokielewa, au mtu aliyekuwa anaonekana akapotea, simama. Weka P kama gari ni la otomatiki, vuta breki ya mkono, ushuke ukaangalie. Kushuka siyo aibu.

MISTARI YA RANGI INASEMA NINI?

Kamera nyingi huchora mistari juu ya picha. Mara nyingi wa kijani ni wa mbali, wa njano ni wa karibu kidogo, na mwekundu ni wa karibu kabisa na bampa. Mistari ya pembeni huonyesha upana wa gari. Katika magari mengine mistari hujikunja ukikata usukani, na huonyesha gari litapita wapi. Katika mengine haijikunji kabisa. Jaribu lako ulijue ni la namna gani.

Usiulize mtu mwingine mstari mwekundu ni mita ngapi. Pima mwenyewe, kwa sababu magari hayafanani. Fanya hivi:

Chukua kamba ya kupimia, ndoo na vijiti vinne. Gari lisimame mahali tambarare, injini inanguruma, dereva amekanyaga breki na kuvuta breki ya mkono. Kwanza gia iwe kwenye P, au frii kwa gari la gia za mkono. Mwenzako apime kutoka bampa ya nyuma na kuchomeka vijiti kwenye nusu mita, mita 1, mita 2 na mita 3, aweke na ndoo kwenye kijiti cha kwanza. Kisha aondoke nyuma ya gari, asimame kando, mbali. Hapo ndipo uweke R, utazame ndoo imegusa mstari gani, uandike. Rudisha gia kwenye P kabla mwenzako hajahamisha ndoo kwenda kijiti cha pili. Endelea hivyo hadi cha nne.

Baada ya hapo tazama ndoo hiyo hiyo kwa kioo cha ndani, bila kamera. Inaonekana ikiwa mita ngapi? Andika namba hiyo pia. Wengi watashtuka.

WAKATI KAMERA INAPODANGANYA

Mistari ile imechorwa kwa kudhani kwamba ardhi ni tambarare na kila kitu kimekaa chini. Lakini vijiji vyetu havikujengwa hivyo.

Kwanza, mlima. Kama nyuma ya gari ardhi inapanda, kama ilivyo mahali pengi Geita, kitu huonekana kiko mbali kuliko kilivyo kweli. Dereva anadhani ana nafasi, kumbe amekwisha fika. Kama nyuma ardhi inashuka, kitu huonekana kiko karibu kuliko kilivyo.

Pili, vitu vinavyoning'inia. Mnadani, mkokoteni wa ng'ombe umeegeshwa nyuma yako. Magurudumu yake yako mbali na mstari mwekundu, nawe unaridhika. Lakini mti wake mrefu wa kufungia nira umetokeza kuelekea kwako, hewani. Mti huo uko karibu kuliko mistari inavyosema. Ni vivyo hivyo kwa bodi ya Fuso, mabati yaliyotokeza, na matawi ya mwembe.

Tatu, mzigo. Ukipakia magunia ya mpunga nyuma, gari linainama. Kamera nayo inainama. Vipimo vyako vya jana si sahihi tena.

Nne, giza na jua. Usiku kamera inategemea taa za rivasi. Taa zikiungua, picha ni giza. Jua la jioni nalo likiingia moja kwa moja kwenye kamera, picha inakuwa nyeupe tupu.

Tano, vumbi na tope. Hili ndilo kubwa kwetu. Vumbi jekundu la Geita na tope jeusi la mbuga za Shinyanga hufunika kamera katika safari moja tu. Kamera yenye tope ni mbaya kuliko kutokuwa na kamera, maana dereva anaona ukungu na kudhani ni uwanja mtupu.

Kuisafisha ni rahisi. Mwagia maji safi kwanza ili mchanga utoke, kisha futa kwa kitambaa laini. Usiikwangue kwa kucha wala kisu. Usitumie petroli. Mwoshaji wa gari asiipige maji ya mashine kwa karibu. Fanya hivi kila asubuhi, kama unavyopima maji na oili.

Kuna na jambo la sita. Magari mengi ya Japani hulia "pi, pi, pi" yakiwekwa rivasi. Tusidanganyike. Katika magari madogo mengi mlio huo uko ndani, unamkumbusha dereva tu. Mtoto aliye nje hausikii vizuri, au hausikii kabisa.

KAMERA PEKE YAKE HAITOSHI

Huko Marekani, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima ilichunguza magari yenye kamera. Iliona kwamba kamera imepunguza ajali za kurudi nyuma kwa kama ajali 16 au 17 katika kila ajali 100. Hiyo ni faida. Lakini tuhesabu zilizobaki: zaidi ya 80. Kwa nini? Kamera ipo, lakini inataka dereva aitazame, aielewe, na asimame kwa wakati.

Basi kamera ni msaidizi. Dereva ni wewe.

GARI LISILO NA KAMERA

Fuso nyingi za mawe na magunia hazina kamera. Hapo lazima awepo mtu wa kuongoza, yaani utingo. Lakini utingo naye ana hatari. Akisimama katikati ya gari na ukuta, anaweza kubanwa.

Sheria iwe hii: utingo asimame kando, upande wa dereva, mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo chake. Asirudi kinyumenyume huku akiita "njoo, njoo". Kabla ya kuanza wakubaliane ishara. Mkono mmoja juu, maana yake simama. Na dereva asipomwona utingo kwenye kioo, asimame papo hapo. Kutomwona ni sawa na kuambiwa simama.

Kwenye karasha na migodini jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kelele za mashine huzuia sauti. Hapo tegemea ishara ya mkono, usitegemee mdomo.

SISI TUSIO NA GARI

Kazi yetu ni ipi? Tuchague mahali pamoja pa kuegesha gari hapo nyumbani, tuweke uzio wa miti au minyaa kati ya gari na mahali watoto wanapocheza. Tuwafundishe watoto kwamba kivuli cha gari siyo kivuli cha mti, maana chenyewe huondoka. Wakiona taa nyeupe nyuma ya gari, wakimbilie pembeni. Na mtu akiwasha gari, mtu mzima mmoja awashike watoto mikono, au awahesabu. Kama ni wanne, aone wanne.

Tusione haya kumwambia dereva, hata kama ni mwenye mali au mgeni wa heshima: "Samahani, baba, ngoja kwanza tutazame nyuma." Dereva mwungwana atashukuru.

Tena tusiwape vijana wasio na leseni ufunguo wa kusogeza gari "kidogo tu". Kusogeza kidogo tu ndiko tulikokuwa tunakuzungumzia tangu mwanzo.

Watu husema ajali haina kinga. Hayo ni maneno ya msibani, ya kumfariji mfiwa, na hapo yana maana yake. Lakini kwenye usukani tusiyaseme. Ajali hii ina kinga. Kinga yake ni kuzunguka gari mara moja kwa miguu, kitambaa kimoja, na subira ya sekunde 2.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto aliyechuchumaa ni vigumu kuonekana kuliko mtoto aliyesimama?

2. Macho ya dereva yako sentimita 140, ukingo wa kioo cha nyuma uko sentimita 110, na kati yake ni mita 3. Mtoto wa sentimita 50 ataanza kuonekana akiwa mita ngapi nyuma ya kioo? (Jibu: mita 6.)

3. Mkokoteni uko nyuma ya gari lako. Magurudumu yake hayajafika mstari mwekundu. Je, ni salama kuendelea? Eleza.

4. Utingo asimame wapi Fuso linaporudi nyuma? Dereva afanye nini asipomwona?

5. Hapo kijijini kwenu magari huegeshwa wapi, na watoto huchezea wapi? Chora ramani ndogo kwenye daftari. Tia alama mahali pa hatari, kisha mkubaliane la kufanya.